Tahadhari Malindi na Lamu: "kompyuta ya gemu" ya kipande kimoja haina mahali pa kuweka kadi ya grafiki

Jamani, kuna tangazo la aina moja linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ya Malindi, Watamu na Lamu. Kompyuta ni nyembamba, skrini na mashine kitu kimoja, kioo kimewekwa picha ya GTA, na chini yake: "Kompyuta ya gemu, Core i5, RAM 8GB, grafiki 4GB, lipa nusu tukutumie." Wazazi mnaotaka kumnunulia mtoto, na vijana mnaotaka kufungua kibanda cha gemu pale Maweni au Langoni, msitume hata shilingi kabla ya kusoma haya.

Mashine zenyewe ni ol-in-wani (hizo za kipande kimoja) za maofisini, zilizotumika Ulaya zikauzwa kwa jumla. Nyingi ni Dell OptiPlex 9020 ya umbo la ol-in-wani au HP EliteOne 800 G1, za kizazi cha nne cha Intel kilichotoka 2013, na ndani yake mna prosesa (ubongo wa kompyuta) kama i5-4570S. Kwa kuandika barua, mitihani ya mtandaoni au mahesabu ya duka, ni mashine nzuri na watengenezaji wake hawana lawama. Uongo ni wa muuzaji, na umejificha kwenye maneno mawili: "grafiki 4GB", yaani kadi ya kuchora picha za gemu yenye kumbukumbu yake ya 4GB.

Hiyo 4GB inatoka wapi? Prosesa hizo zina grafiki ndogo ya ndani, Intel HD Graphics 4600, isiyo na kumbukumbu yake yenyewe. Inaazima RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kompyuta, na Windows huiruhusu kuazima hadi takriban nusu. Kompyuta ikiwa na RAM 8GB, Windows itaandika karibu 4GB kwenye mstari wa "Shared GPU memory". Muuzaji anapiga picha mstari huo peke yake na kuutuma kama ushahidi. Mwambie afungue Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, aingie Performance, abonyeze GPU, kisha apige picha ya skrini nzima na jina la grafiki lionekane juu kulia. Jina likiwa Intel HD Graphics, hakuna kadi yoyote humo. Au abonyeze kitufe cha Windows na R, aandike dxdiag, aende Display: kwenye "Display Memory (VRAM)" mara nyingi utakuta 128MB tu. Akianza kuzungukazunguka na kisingizio cha chaja ya simu au bando kuisha, umeshapata jibu lako.

Grafiki hiyo inacheza nini? GTA San Andreas, PES 2013 na gemu za wakati huo, sawa. GTA V itafunguka kwa 720p na mipangilio yote ikiwa chini, na bado itakwamakwama mjini penye magari mengi. EA Sports FC 24 inadai angalau kadi ya grafiki kama GTX 1050 Ti ya 4GB, na hicho ni kiwango cha chini kabisa walichoweka wenyewe. Mtoto anayeota kucheza mpira wa sasa na wenzake ataishia kutazama skrini ya kupakia.

Uongo wa pili ndio unaoumiza zaidi: "nunua hii kwanza, grafiki utaongeza baadaye." Hutaongeza. Kadi ya kawaida ya grafiki inakaa kwenye sloti ndefu ya PCI Express x16, na ndani ya kompyuta hizi sloti hiyo haipo wala nafasi yake haipo. Pawa (kifaa cha kugawa umeme) ya kompyuta hizo nayo imepimwa kwa mashine hiyo tu. Unaweza kubadilisha RAM, ambayo ni fupi kama ya laptopu, na unaweza kuweka SSD (diski ya kasi). Zaidi ya hapo ni kumwaga pesa. Kuna wanaouza kijiti cha USB chenye tundu la HDMI wakikiita "grafiki ya nje". Kile kinapeleka picha kwenye skrini ya pili, basi, hakiongezi kasi ya gemu hata kidogo. Na skrini ikifa, kompyuta nzima inaenda kwa fundi, kwa sababu vimefungwa pamoja.

Kwa haki, zipo ol-in-wani zenye chipu halisi ya grafiki ndani. Lakini nyingi ni chipu za aina ya laptopu, na ulichonunua ndicho utakachobaki nacho mpaka mwisho. Halafu kuna joto. Feni ni ndogo na njia ya hewa ni nyembamba, na Malindi mwezi wa Machi chumba chenyewe kinavuka nyuzi 30 kabla hujawasha kitu. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi ili isiungue, ndiyo maana gemu huenda vizuri dakika kumi kisha huanza kuburura. Muuzaji anakuonyesha hizo dakika kumi.

Kwa gemu, nunua desktopu ya kasha lake yenye skrini ya pembeni. Ya ofisini iliyotumika inatosha kuanzia, mradi uchague umbo sahihi. Kasha kubwa, lile linaloandikwa MT au Tower, linapokea kadi ya kimo cha kawaida. Lile jembamba linaloandikwa SFF linataka kadi fupi za "low profile", ambazo ni chache na ghali zaidi. Kile kidogo kama kitabu hakipokei kadi kabisa. Tafuta kizazi cha nane cha Intel kwenda juu, kwa mfano i5-8500 ya 2018 yenye kori sita. Chini ya hapo Windows 11 haikubaliki rasmi, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. RAM iwe vijiti viwili vya 8GB badala ya kimoja cha 16GB, kwa sababu viwili vinafanya kazi sambamba na gemu inanufaika. Kadi ya GTX 1650 isiyo na waya wa ziada inakula wati 75 tu, ambazo sloti yenyewe inatoa, kwa hiyo pawa ya ofisini inaihimili.

Ila huku nako kuna matapeli, na hawa wana kasha la kioo na taa za rangi. Ndani wanaweka mazabodi (bodi kuu) ya zamani na i7-2600 ya 2011, halafu wanapiga kelele "i7! i7!" Namba inayofuata i7 ndiyo yenye maana, i3-12100 ya 2022 inaiacha mbali hiyo i7. Pembeni yake wanachomeka "GTX 1050 Ti 4GB" ambayo kwa kweli ni GTS 450 au GTX 550 Ti ya miaka ya 2010 na 2011, iliyoandikwa upya BIOS yake (programu ya msingi iliyo ndani ya kadi) ili idanganye jina. Windows itaamini. Gemu haitaamini: itazimika, itatoa mistari ya rangi, au itakataa kufunguka, kwa sababu Nvidia, mtengenezaji wa chipu hizo, iliacha kuzitolea draiva (programu za kuendesha kadi) za gemu mpya mwaka 2018.

Kuitambua hakuhitaji fundi. Tazama nyuma ya kadi: 1050 Ti haitoi VGA, kwa hiyo ukiona lile tundu la bluu la VGA, shuku papo hapo. Kisha fungua programu ya bure iitwayo GPU-Z. Tangu 2018 imekuwa ikiandika neno FAKE mbele ya jina la kadi bandia inayoitambua. Angalia pia mstari wa "Shaders" (idadi ya vichakataji vidogo vya kadi): 1050 Ti halisi ina 768, ile bandia hurudi kwenye 192. Kwa kadi nyingine, RX 580, hesabu ni 2304. Ukikuta 2048 umepewa kadi yenye nguvu za RX 570 kwa bei ya 580.

Pawa saplai usiisahau. Soma stika yake kwenye safu ya +12V, usisome namba kubwa iliyochorwa pembeni. Zidisha volti 12 kwa ampea zilizoandikwa hapo: 12 mara 18 ni wati 216, hata kama kasha limeandikwa 500W. RX 580 peke yake inaweza kuvuta takriban wati 185. Ukiona waya wa kadi umeungwa kutoka kwenye plagi bapa ya diski, usiwashe. Plagi hiyo imepimwa wati 54 kwenye laini ya volti 12, na huyeyuka. Dell za kasha kama OptiPlex 9020 MT zinatumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo kubadilisha pawa kunataka waya wa kugeuza. Uulizie kabla.

Ukienda kukagua, anza na mashine ikiwa imezimwa. Mulika tochi ya simu kwenye matundu ya hewa. Huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma: ukiona utando wa kijani kwenye shaba ya kipozeo au kutu kwenye skrubu za matundu ya nyuma, mashine hiyo imekaa dirishani ufukweni. Washa ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo ili uingie BIOS ya kompyuta, usome jina la prosesa na RAM humo, kwa kuwa maandishi ya ndani ya Windows yanachezewa. Programu iitwayo CrystalDiskInfo itakuonyesha diski imefanya kazi saa ngapi; neno "Caution" ni sababu ya kuondoka. Mwisho cheza gemu unayoitaka wewe, nusu saa nzima, mwenye mali akiwa amekaa hapo.

Kuhusu malipo, wa Lamu ndio wanaoumia zaidi, maana mzigo unapanda basi mpaka Mokowe kisha boti, na ukifika gati muuzaji hapokei simu tena. Usitume "nusu ya kufungia oda". Kama yuko Mombasa, mtume ndugu au fundi unayemwamini akague kule, alipe kule, aufunge mzigo mwenyewe. Lipa kwenye Till yenye jina la duka, na ulinganishe jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kusambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 ni kwa pesa zilizotumwa kimakosa. Mpokeaji akishazitoa, hakuna cha kurudisha.

Aliyekwisha kuuziwa asilipe tena mtu yeyote "kumwongezea grafiki". Hifadhi tangazo lenyewe, mazungumzo yote, ujumbe wa M-Pesa, na picha za Task Manager na GPU-Z zenye tarehe. Mwandikie muuzaji kwa maandishi kwamba alichotuma sicho alichotangaza na unataka pesa zako, umpe siku ya mwisho. Akikaidi, piga ripoti polisi uchukue namba ya OB, na uulize mahakamani kuhusu Mahakama ya Madai Madogo: inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.