Mvusha watoto barabarani: alipwe na wazazi au halmashauri?

Kila shule zikifunguliwa huu mjadala unarudi, nani amlipe yule mtu wa reflekta na kibao cha SIMAMA pale zebra.

Kwa haraka, wazazi wanashinda. Kikao kimoja jioni, mnakubaliana kila mtu buku kwa mwezi, Jumatatu mtu yuko barabarani. Shida inaanza wachangiaji wakipungua, mvushaji hajalipwa, kesho haji, na vitoto vya darasa la kwanza vimeshikana mikono pembeni vinasubiri bodaboda ipunguze mwendo. Halafu hapa Tanzania tangu 2016 elimu ya msingi shule za serikali ni bila ada, mchango wa lazima hakuna, na mtoto wa asiyetoa lazima naye avushwe jamani, huwezi kumwacha ng'ambo.

Halmashauri ni polepole kweli, barua zizunguke weee mpaka bajeti ya Julai, ila ikipita basi malipo hayategemei kama mama wa chapati leo kauza au hajauza. Na rangi ya zebra ikifutika, au tuta likihitajika, hapo wazazi hamna uwezo, barabara za mitaa ziko chini ya TARURA na kuu chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara.

Shule iko mtaani ndani, wazazi mnajuana? Changeni tu. Shule binafsi, iingie kwenye ada. Ila kama mnapakana na barabara kama Mandela ya Dar, malori ya bandarini yanapita mfululizo, mi siwezi kukubali mzee wa mtaa asimame peke yake na kibao, hapo komaeni na halmashauri na trafiki awepo asubuhi na mchana.