Taa za Sumaku Ndani ya Kompyuta ya Ofisi: Njoo Uone Zinavyowaka

Haya, haya, haya! Kigoma, mwisho wa reli, mpo? Mwanga mpo? Ujiji, Gungu, Katubuka, Bangwe? Na ninyi mnaotazama mkiwa Kasulu na Kibondo, karibuni sana, leo kuna kitu. Usiondoke, maana nikifika kwenye sumaku utaelewa kwa nini nimekuwa na haraka ya kurekodi hii video tangu mzigo ushuke kwenye basi.

Kitu chenyewe ni hiki. Mikanda miwili ya taa za LED, kila mmoja una taa 18, kiboksi kidogo cha kuziendesha, rimoti, na waya wa umeme. Habari ya rangi milioni kumi na sita sitaisema, mnaijua, imeandikwa kwenye kila boksi la taa duniani. Twende kwenye mambo yenyewe.

Mashine niliyozifungia ni hii hapa mezani, kompyuta ya ofisi, ya mtumba, kasha la chuma jeusi. Ukiingia steshenari yoyote hapa mjini utazikuta zimepangwa. Nimeichagua makusudi, maana hizi ndizo kompyuta tulizonazo. Video nyingi za taa zinatengenezwa na watu wenye makasha ya vioo na mazabodi za gemu, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, zenye sehemu maalumu ya kuchomeka taa. Sasa fungua kompyuta yako ya ofisi utafute hiyo sehemu. Haipo. Ndiyo maana mnanipigia: kaka, nimenunua taa, sioni pa kuchomeka.

Hizi haziombi chochote kwenye mazabodi. Zinakula umeme wa SATA, ule ule unaolisha hadi diski. Unaona hapa nyuma ya sehemu ya DVD? Niambie ukweli, mara ya mwisho kuweka DVD ilikuwa lini? Chomoa kichwa cha umeme cha DVD, chomeka kiboksi cha taa, umemaliza. Angalizo moja tu: kama kompyuta yako ni ile nyembamba, na DVD yake ni nyembamba kama ya laptop, kichwa chake kina pini 6 na hiki kinataka cha pini 15. Hakitaingia, usikilazimishe. Na kabla hujagusa chochote, chomoa waya ukutani, halafu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe.

Sasa subiri, nataka kuongea na wauzaji kidogo, kwa sababu hili linanikera kweli kweli. Dogo, leta kamera hapa karibu. Karibu zaidi. Haya, hiki kichwa cha mkanda mnakiona? Kina nafasi nne. Matundu matatu yako wazi, na nafasi ya tatu imezibwa kwa plastiki. Hii ni taa ya volti 5, ambayo kila tone, yaani kila kitaa kimoja kwenye mkanda, lina chipu yake ndani, kwa hiyo tone hili linaweza kuwa jekundu na la jirani yake likawa kijani kwa wakati mmoja. Sasa tazama kichwa hiki kingine, cha mkanda wa bei rahisi. Matundu manne, yote wazi. Hii ni volti 12. Mkanda mzima unawaka rangi moja, ukisema bluu basi ni bluu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Vyote viwili vinauzwa kwa jina lile lile, RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kwa Kiingereza. Muuzaji anakutumia picha ya upinde wa mvua, unalipa, mzigo unafika Kigoma, unafungua, unakuta rangi moja. Hapo kuna afadhali. Ubaya ni pale mtu mwenye mkanda wa volti 5 anapochonga kile kizibo cha plastiki ili kichwa kiingie kwenye pini za volti 12. Chipu zinaungua pale pale na hazina dawa. Kile kizibo hakikuwekwa kama urembo jamani, kimewekwa kukuzuia. Muuzaji, andika volti. Ni tarakimu moja au mbili tu, andika.

Haya, sumaku.

Ngoja niwashe kwanza. Nimefungua ubavu wa kasha, mashine inawaka. Nyuma ya mkanda huu, ndani ya mpira, kuna vipande vya sumaku. Nausogeza kwenye chuma... umesikia? Tak. Umekaa. Nauvuta, unatoka. Nauweka hapa, tak. Nauweka kule, tak. Mtu ambaye amewahi kufunga taa za gundi anajua kwa nini nafurahi hivi.

Kazi kubwa ya kufunga taa ndani ya kompyuta ni kutafuta mahali, kuliko waya na kuliko rangi. Angalia. Naweka mkanda hapa juu, kwenye ukingo wa mbele, taa zikikutazama wewe. Dogo, zima taa ya chumba. Unaona nini? Unaona matone 18 yanakuchoma macho, na ndani ya kasha ni giza. Huioni feni, huioni mazabodi. Watu wengi wanafunga hivi, halafu wanasema taa zao ni mbaya.

Sasa nautoa. Naupeleka ndani ya ukingo huo huo, lakini naugeuza uangalie mazabodi. Usipepese macho. Tak. Umeona? Matone hayaonekani tena. Kinachoonekana ni mwanga, umemwagika kwenye feni, kwenye mbavu za kipoza joto, hadi kwenye kona kule chini. Mkanda ni ule ule, rangi ni ile ile, nimeusogeza upana wa vidole viwili tu. Ukisimama ufukweni Kibirizi usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, uzuri unaouona uko kwenye maji yanavyopokea taa zao. Humu ndani mazabodi ndiyo maji yetu.

Na hapa niseme neno juu ya hizo taa za wavuvi, maana zinahusiana na hizi. LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962. Bluu iliwashinda watu kwa muda mrefu, hadi miaka ya tisini mwanzoni ndipo ikapatikana inayowaka kwa nguvu. Bila bluu hakuna LED nyeupe, kwa hiyo hakuna hizi taa za betri zilizokuja kuchukua nafasi ya karabai ziwani. Wajapani watatu walioitengeneza, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na walistahili kabisa.

Turudi. Mkanda wa pili. Nikiuweka chini, taa ziangalie juu, tazama kinachotokea. Unamulika waya zote. Hizi kompyuta za ofisi waya zake zinapita popote, njano, nyekundu, nyeusi, na mwanga wa chini unazianika zote. Kwa hiyo siuweki chini. Nauleta huku mbele, wima, umulike kuelekea nyuma. Tak. Hapo. Sasa mwanga wa juu na wa mbele vinakutana kwenye feni ya prosesa. Acha niutazame kidogo, jamani ni mzuri.

Kwa gundi usingeweza kufanya majaribio yote haya. Gundi inakupa nafasi moja. Ukibandua, imeshabeba vumbi na haishiki tena. Na ukiwa unabandua unaukunja mkanda, kiungo cha lehemu kati ya tone na tone kinapasuka. Kwa hizi za volti 5, habari ya rangi inapita tone hadi tone, kwa hiyo kiungo kimoja kikikatika, matone yote yaliyo mbele yake yanazimika. Halafu joto la humu ndani linalainisha gundi, mkanda unaning'inia, unaangukia feni. Mafundi wanaoletewa kompyuta zinazopiga kelele wanazijua hizi. Kama huna namna ila gundi, futa chuma kwa spiriti, kikauke, ndipo ubandike, na ncha zote mbili uzifunge kwa kebo tai.

Sumaku nayo ina mipaka yake. Inashika chuma tu. Uso wa mbele wa kasha hili ni plastiki, pale haikai. Na kama kasha lako ni la aluminiamu, video hii haikuhusu sana.

Mtaniuliza, kaka, kompyuta ya ofisi ina ubavu wa chuma mtupu, taa ataziona nani? Nimetoboa dirisha. Nilichukua ule ubavu peke yake nikampelekea fundi wa mageti, akaukata kwa grainda. Ubavu peke yake, narudia, chengachenga za chuma zisifike karibu na mashine yenyewe. Kisha fundi wa madirisha ya aluminiamu akanikatia kioo cha milimita 4, tukakibandika kwa silikoni. Ile silikoni yenye harufu kali kama siki, iache ikauke nje kabisa mpaka harufu iishe ndipo urudishe ubavu, kwa sababu mvuke wake unakula shaba. Na usikate pale penye matundu ya hewa. Kioo hakipitishi hewa, mashine itachemka. Gharama ya mafundi wote wawili haikufika elfu ishirini.

Kuna taa nyingine mtaonyeshwa madukani, zinazochomeka kwenye USB. Bei nusu ya hizi. Nimezijaribu, na siwaambii msinunue, kwa rangi moja iliyotulia zinatosha. Ila weka nyeupe, mwanga wote. Tone moja la aina hii likiwaka nyeupe kamili linakula hadi miliampea 60. Zidisha kwa matone 36, ni zaidi ya ampea 2. USB ya kawaida, toleo la 2, imepangiwa miliampea 500. Ndiyo maana mwanzo wa mkanda ni mweupe, na ukielekea mwisho unakuwa wa njano, kama taa ya baiskeli inayopanda mlima wa Mwanga. Waya wa SATA upande wa volti 5 unabeba hadi ampea 4.5. Hizi hapa nyeupe... tazama mwanzo, tazama mwisho. Sawasawa.

Rimoti. Nilipofungua boksi nilisema rimoti ya nini, si uweke kitufe tu kwenye kasha? Sasa nimeizoea, na inatumia mawimbi ya redio, kwa hiyo huna haja ya kuielekeza. Naweza kukaa kitandani nikabadilisha. Kinachonikera ni vitufe vyenyewe. Kimoja kimeandikwa M, kingine S, kingine M tena. Mtengenezaji, mtu atajuaje? Betri yake ni ya kidonge, iweke mbali na watoto, wakiimeza ni hatari kubwa.

Lakini kuna kitu boksi halijakitaja hata kidogo, na kwangu ni cha pili baada ya sumaku. Nimeweka kijani, mwanga nusu. Sasa nazima umeme ukutani. Zimezimika. Tuseme umeme umekatika, jambo tunalolijua, sisi tuliokaa na umeme wa majenereta miaka na miaka kabla ya gridi. Narudisha. Nawasha mashine. Kijani, mwanga nusu, pale pale. Zinakumbuka! Nyingi za bei rahisi zinarudi na ule upinde wa mvua unaokimbia, kila asubuhi unaanza upya. Na ukizima kompyuta kawaida, SATA inakata, taa zinazimika nazo, hazili umeme wa LUKU usiku.

Bei. Mimi nimezipata Kariakoo kwa elfu arobaini na tano, na mzigo wa basi juu yake. Kwa bei hiyo nasema chukua. Kuna duka limenitajia elfu themanini kwa boksi hili hili. Hapana, kwa themanini siwezi kukushauri. Na kama kompyuta yako ina RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, na kila ukifungua programu mbili inakwama, pesa hiyo peleka kwenye RAM kwanza. Taa haziongezi kasi hata chembe. Taa ni za macho na za moyo, na mimi naona moyo una haki yake, ila kazi itangulie.

Tangazo la chaneli: kuanzia sasa video zinatoka Jumamosi jioni, na inayofuata ni feni zenye taa, nataka tuone kama zinapooza kweli au ni sura tu. Jiunge, bonyeza kengele.

Na wewe unayetaka kuagiza leo, kabla hujatuma pesa mwombe muuzaji akupigie picha ya kichwa cha waya kwa karibu, kama nilivyowaonyesha. Uhesabu matundu matatu, uone na kile kizibo. Akikwambia hana muda wa kupiga picha, hamia duka jingine. Haya, dogo, washa taa ya chumba.