Uzoefu wangu: kukaa na kufanya kazi tao ya Lowell, kando ya mto Merrimack

Watu wananiuliza sana kama inafaa kuhamia tao, yaani katikati ya mji, hapa Lowell, Massachusetts, kwenye haya majengo ya viwanda vya zamani yaliyogeuzwa kuwa apatimenti, badala ya kukaa kule mitaani kwenye nyumba za mbao za ghorofa tatu kama Wakenya wengi tunavyoanza tukifika. Mimi naishi humo na ofisi yangu iko hapo hapo tao, kwa hivo wacha niseme vile nimeona. Kama kazini unafika kwa miguu, hamia, hutajuta. Kama mko na magari mawili na unafanya shifti za usiku miji ya mbali, fikiria sana kabla hujasaini lisi, ule mkataba wa kupanga.

Nianze na nyumba yenyewe. Haya majengo ni ya karne ya 19, yalijengwa ya mashine za kufuma nguo. Pale Pawtucket Falls mto unashuka kama mita 10 hivi, wakachimba mifereji karibu kilomita 9 kuingiza hayo maji mjini yazungushe mashine, na kwa vile stima haikuwepo walitegemea mwanga wa jua, ndio maana madirisha ni makubwa ajabu. Dirisha la sebule yangu linanizidi urefu, na ukuta wa matofali ni mnene mpaka pale chini ya kioo mtu anakaa na kikombe chake cha chai na bado kuna nafasi ya mikebe yangu ya dania, ambayo inamea hapo hata Machi nje kukiwa na theluji. Juu kuna mihimili ya mbao minene ambayo siku hizi hakuna mtu anajenga nayo. Hicho ndicho unacholipia, na kwangu kinastahili.

Sasa, kitu tangazo haliwezi kukuambia ni sauti. Sakafu ni mbao, jirani wa juu akivaa viatu vya kisigino unajua kama ameelekea jikoni ama chumbani, na hiyo ni kila asubuhi. Tafuta ghorofa ya juu kabisa hata kama utangoja miezi kadhaa. Halafu mapishi. Lofti nyingi, ndivyo wanaita hizi apatimenti za viwandani, hazina ukuta kati ya jiko na kitanda, na ile mashine ya kufyonza moshi juu ya jiko nyingi haitoi nje, inazungusha hewa ile ile ndani, kwa hivo ukikaanga omena ama samaki harufu inalala na wewe kwenye shuka na makoti. Uliza hilo kabla ya kulipa diposti. Kwa mtu anayepika chakula cha nyumbani kila siku ni jambo zito kuliko hata tofauti ya renti.

Baridi pia isikupate hujajipanga. Kuna wakati hita ya jengo letu ilizima wikendi, baridi kali, na wasimamizi hawakushika simu mpaka Jumatatu, mtoto wa jirani akalala na jaketi. Jueni haki yenu jamani, sheria ya Massachusetts inamtaka mwenye nyumba joto lifike digrii 68 za Fahrenheit mchana na 64 usiku msimu wa baridi, na hizo sio huruma zake. Asipotimiza unapigia watu wa afya wa mji. Wengi wetu tunaogopa kulalamika tukidhani tutafukuzwa.

Pakingi ni pesa zaidi. Jengo langu halina, nalipia kila mwezi kwenye gereji ya manispaa. Usifikiri utaacha gari barabarani, theluji kubwa ikitangazwa magari yote yanatolewa na lako likibaki linavutwa.

Upande wa kazi ndio umenifanya nisihame. Mimi napanga zamu za wahudumu wanaoenda kuangalia wazee majumbani, na Wakenya wengi hapa ndiyo kazi yao. Mhudumu akileta makaratasi anashuka basi anatembea tu, wale wanaosomea unesi pale Middlesex Community College wanapita baada ya darasa, mchana nakula kwa Wakambodia ambao ni wengi sana mji huu na supu yao wakati wa baridi ni dawa, na maktaba kubwa ya Pollard iko karibu, bure, na kuna joto. Nikitaka Boston treni ni kama dakika 45. Ila ujue ofisi za majengo ya zamani zingine hazina lifti, na kama wateja wako ni wazee hiyo inakumaliza, mimi nilikataa ofisi nzuri sana kwa sababu ya ngazi tu. Na kibao cha biashara haupachiki vile unataka, lazima kipitishwe kwanza na Lowell Historic Board, bodi inayolinda majengo ya kale, ni makaratasi na kungoja, ila ndio maana hii mitaa bado ina sura yake.

Wengi wanauliza mafuriko, na ukitoka upande wa Budalang'i naelewa kabisa kwa nini mto mlangoni unakupa hofu. Merrimack unajaa kweli, hasa theluji ikiyeyuka. Lakini mhandisi mmoja wa hapa, James B. Francis, alijenga lango kubwa la mbao juu ya mfereji mwaka 1850, watu wakamwona mjinga na pesa zimepotea bure, halafu 1852 maji yakaja, lango likashushwa kuziba mfereji, tao ikapona, na 1936 likashushwa tena. Liko hadi leo, nenda ulione. Hata hivo usikae ghorofa ya chini kabisa, na chukua bima ya vitu vyako, na uulize wazi kama mafuriko yamo, kwa sababu ile ya kawaida huwa haiyalipi.

Pia pitia jumba la makumbusho la Boott Mills, sio utalii tu. Wanawasha mashine za kufuma, wanakupa vya kuziba masikio, sakafu inatetemeka mpaka kwenye magoti, ndio unaelewa wasichana wa mashambani waliofanya kazi hapo walivumilia nini kutwa nzima, na pamba yenyewe ililimwa na watumwa kule kusini. Viwanda vya Massachusetts ndivyo vilitoa ile merikani, kitambaa cha pamba, iliyouzwa Zanzibar na pwani yetu, wafanyabiashara wa Salem wakiibeba kwa meli. Mimi nikiingia nyumbani jioni nagusa yale matofali na hilo silisahau, na nataka watoto wetu wanaozaliwa hapa walijue.

Ukija kuangalia nyumba, njoo jioni siku ya kazi majirani wakiwa ndani, nyamaza kidogo usikilize dari, shika kioo uone baridi inapita kiasi gani. Na kama ya barabarani na ya mtoni ni bei moja, chukua ya mtoni, barabarani wikendi za joto kelele za baa zinaenda mpaka usiku wa manane.