Tahadhari: muuzaji wa vitanda vya watoto vya pembeni anayeuza kitanda bila mikanda yake

Wazazi wenzangu, na hasa ninyi mnaosubiri mtoto katika wiki hizi, naomba msome andiko hili kabla ya kumlipa mtu yeyote anayeuza kwa picha kile kitanda kidogo kinachosogezwa ubavuni mwa kitanda cha wazazi, upande mmoja ukiwa umeshushwa ili mama amfikie mtoto bila kusimama. Sitamtaja muuzaji kwa jina, kwa sababu ukurasa wake umekwisha kubadilishwa jina mara mbili tangu nimlipe, na jina nitakaloliandika leo huenda kesho likawa la mtu mwingine asiye na hatia. Nitaeleza mbinu zake, kwa kuwa hizo hazijabadilika hata kidogo.

Huyu si tapeli wa kupokea fedha na kuzima simu. Laiti angekuwa huyo, hasara ingeishia mfukoni. Kitanda kilifika siku ile ile aliyoahidi, kikiwa ndani ya boksi lililozungushiwa plastiki, na kwa mtu anayekitazama akiwa amesimama mlangoni kilikuwa ndicho kile cha kwenye picha: kitambaa cha kijivu, wavu ubavuni, magurudumu manne, na zipu ya kushushia upande mmoja. Mke wangu, aliyekuwa amebakiza wiki tatu kujifungua, alikipapasa akasema kimependeza. Nilikikaza skrubu mwenyewe jioni hiyo, na pengine ningekiacha pale kimsubiri mwenyewe kama nisingekuwa mtu wa kusoma karatasi za maelekezo, tabia ambayo huchekwa sana nyumbani kwetu.

Karatasi zenyewe zilikuwa nakala za kutolewa kwa mashine, wala si chapa ya kiwandani, na namba za kurasa ziliruka kutoka nne hadi saba. Ukurasa wa nne uliishia kwenye kufunga miguu. Wa saba ulianza na namna ya kufua kitambaa. Kilichokuwa katikati, yaani namna ya kukifunga kitanda cha mtoto kwenye kitanda cha wazazi, kilikuwa kimeondolewa. Nikalipindua boksi, nikakung'uta plastiki zote, na mikanda ya kufungia sikuiona.

Kwa asiyewahi kuviona vitanda hivi kwa karibu, mikanda hiyo ndiyo kitanda chenyewe. Kwa kawaida hupitishwa chini ya godoro la wazazi hadi upande wa pili wa fremu, kisha huvutwa na kukazwa mpaka kitanda cha mtoto kigandamane na godoro la wakubwa pasipo nafasi yoyote. Ukiiondoa, unabaki na kitoroli chenye magurudumu ambacho ubavu mmoja uko wazi.

Nilitaka kuona kwa macho yangu ni hatari kiasi gani. Nilikisogeza ubavuni mwa kitanda chetu, nikakaza breki za magurudumu yote manne, nikamwomba mke wangu alale upande wake kisha ajiinue kwa kiwiko kama atakavyofanya usiku akitaka kunyonyesha. Alipoegemea ukingo, kitanda kile kilijongea kimya kimya. Ngumi yangu ilipita katika pengo lile bila kugusa upande wowote, na alipojiinua mara ya pili mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko. Mtoto mchanga hahitaji pengo la kupitisha mwili mzima ili adhurike. Huweza kuteleza kiwiliwili kikapita huku kichwa kikikwama, au uso ukabanwa kwenye ubavu wa godoro, na kwa kuwa shingo yake haina nguvu ya kujinasua na pua na mdomo vimezibwa, hatatoa sauti ya kumwamsha mama aliyelala umbali wa shubiri mbili.

Nilimwandikia muuzaji usiku huo huo. Alijibu haraka, kwa upole kabisa: "Bosi wangu, hiyo mikanda ni ya ziada tu, wateja wangu wengi hata hawaifungi. We kisukumie ukutani kitatulia." Kesho yake mikanda ikawa inapatikana, lakini kwa kulipiwa kando. Keshokutwa, nilipomtaka achukue kitanda chake na kunirudishia fedha zangu, aliniambia bidhaa ya mtoto ikishafunguliwa hairudishwi kwa sababu za usafi. Neno hilo la usafi ndilo lililonifanya nikifungue kitanda upya na kukichunguza.

Kilikuwa kimeuzwa kama kipya. Chini ya kitambaa cha godoro, mahali ambapo mkono hauendi, palikuwa na duara la doa la manjano lililofuliwa likagoma kutoka. Ubao wa chini ulikuwa na tundu moja lililotobolewa upya, na skrubu iliyotiwa humo ilikuwa nene kuliko wenzake. Ila kilichonikasirisha zaidi ni lebo ya kiwandani iliyobandikwa kwenye bomba la mguu: sehemu yenye namba ya kundi la uzalishaji ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, na mikwaruzo ya wembe huo bado iling'aa kwenye chuma.

Namba hiyo ina kazi kubwa. Kitanda kinapogundulika kuwa na kasoro, hutangazwa kwa modeli na mara nyingi kwa namba za uzalishaji, ili aliyenacho aache kukitumia. Marekani matangazo hayo hutolewa na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, na nchi za Umoja wa Ulaya hutumia mfumo uitwao Safety Gate. Vyote viwili hutafutwa bure kwenye intaneti na mtu yeyote mahali popote. Anayekwangua namba anakuzuia kutafuta. Sina ushahidi kwamba kitanda changu kilikuwa miongoni mwa vilivyoondolewa sokoni, lakini sioni sababu njema ya kumfanya mtu ashike wembe.

Kisha kuna godoro. La asili halikuwapo. Badala yake kulikuwa na kipande cha sponji kilichokatwa kwa mkono, kinene cha sentimita 8, laini kiasi kwamba nilipokibonyeza kwa kiganja na kuinua mkono, umbo la vidole vyangu lilibaki kwa muda. Godoro la mtoto mchanga linatakiwa kuwa gumu na bapa, lisilofuata umbo la uso wake, na lijae ndani ya kitanda bila kuacha nafasi pembeni. Unene wa sponji ile ulileta kasoro nyingine ambayo nisingeiona bila futi ya kupimia: upande ulioshushwa ulibaki ukiinuka sentimita 5 tu juu ya godoro. Kiwango cha Ulaya cha vitanda hivi, EN 1130 cha mwaka 2019, kinataka upande huo ubaki na kizuizi cha angalau milimita 120 hata ukiwa umeshushwa. Wengi wetu tumezoeshwa na picha za matangazo kudhani kwamba uzuri wa kitanda cha pembeni ni kukosa kizuizi kabisa, godoro la mtoto na la mama yakawa kama uwanja mmoja. Mtu akikuuzia uwanja huo kama sifa, mtilie shaka.

Kuhusu stika zake nitasema kwa ufupi. Mbele ya boksi alibandika alama ya CE inayong'aa, ile ambayo mtengenezaji huitumia kutangaza kwamba bidhaa yake inafuata sheria za Umoja wa Ulaya, na katika mazungumzo yetu aliitaja mara tatu kama uthibitisho wa ubora wa Ulaya. Alama ya CE huwekwa kwenye bidhaa za makundi maalumu, kama vile vifaa vya kuchezea na vya umeme, na kitanda cha kawaida cha mtoto hakimo katika makundi hayo. Sheria za Ulaya zinakataza kuibandika kwenye bidhaa isiyostahili kuwa nayo. Ukimwona muuzaji anaiinua alama hiyo kama bendera kwenye kitanda kisicho na umeme wala kichezeo, ujue ama hajui anachouza, ama anajua kwamba wewe hujui.

Jambo jingine alilolinadi ni kwamba miguu ya upande wa kichwani huinuliwa ili mtoto alale mwinamo na asicheue. Mama yangu mzazi alivutiwa sana na hilo, na simlaumu, kwa sababu linasikika kuwa na mantiki. Hata hivyo, madaktari wa watoto wanashauri mtoto alale chali mahali bapa. Akilala mwinamo, kidevu huweza kuangukia kifuani na kuibana njia ya hewa, tena anaweza kuteleza kuelekea miguuni. Wala kuinua kichwa hakujathibitika kupunguza kucheua. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2022 ilipiga marufuku vilalio vya watoto wachanga vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Muuzaji alisema pia kitanda kinafaa hadi mtoto atimize mwaka, ilhali vitanda vya aina hii huachwa mara mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, na wengi hufikia hapo mapema zaidi.

Sasa nirudi kwenye dalili nilizozipuuza, kwa kuwa zote zilikuwa wazi kabla sijalipa. Picha zake nne zilikuwa safi mno, za studio, na pembe moja ya kila picha ilikuwa imekatwa mahali ambapo nembo ya mtengenezaji ingekaa. Picha ya tano tu ndiyo aliyoipiga mwenyewe, juu ya sakafu yenye kigae kilichopasuka kama herufi Y. Nilipoomba video alisema mtandao wake ni dhaifu, ingawa sauti ndefu alizokuwa akinirekodia zilifika bila taabu. Akaunti ya malipo ilikuwa na jina tofauti na lake, akadai ni la shemeji yake mhasibu. Vitanda vilikuwa vimebaki viwili tu; wiki mbili baadaye vilikuwa bado viwili. Sifa za wateja zilizojaa chini ya tangazo zilikuwa zimeandikwa ndani ya siku tatu, na mbili kati yake zilikosea neno moja kwa namna ile ile.

Na dalili iliyo kubwa kuliko zote ni swali ambalo hakuniuliza. Hakuwahi kutaka kujua godoro letu liko juu kiasi gani kutoka sakafuni, wala fremu ya kitanda chetu ikoje. Bila vipimo hivyo haiwezekani kumuuzia mtu kitanda cha pembeni kwa uaminifu, kwa sababu uso wa godoro la wakubwa unapaswa kulingana na kimo ambacho mtengenezaji ameelekeza, na fremu iliyotokeza nje ya godoro huacha pengo hata mikanda ikikazwa. Nilipopima hatimaye, niligundua kwamba fremu yetu imetokeza sentimita 3. Yaani hata kitanda halisi, kipya, chenye mikanda yake yote, kisingetufaa upande ukiwa umeshushwa. Hilo ni kosa langu, silibebeshi mtu.

Tuliishia kwa mama mmoja aliyekuwa anauza kitanda kisichomtosha tena mwanawe. Kabla sijaomba chochote alituma video: anashika mkanda, anauvuta, anaonyesha lebo na namba yake, anabonyeza godoro kwa ngumi, kisha anaonyesha zipu moja inayokwama na kueleza namna ya kuilegeza. Ilimchukua dakika nne. Alipouliza vipimo vya kitanda chetu akatuambia mwenyewe kwamba tutumie pande zote zikiwa zimepandishwa, tukiweke karibu tu na kitanda chetu. Ndivyo tunavyofanya hadi leo, na mke wangu husimama kumchukua mtoto. Anayetaka kununua kwa mbali aombe video ya namna hiyo, na muuzaji ataje ndani yake jina la mnunuzi na tarehe ya siku hiyo, ili asitume ya zamani wala ya kuazima.

Nilipeleka malalamiko kwa wasimamizi wa mtandao na kwa benki niliyolipia, nikiambatanisha risiti, mazungumzo yote na picha za lebo iliyokwanguliwa. Fedha bado sijarudishiwa. Muuzaji alinizuia kumwandikia, na ukurasa uliondolewa. Baada ya siku nane picha zile zile zilirejea kwa jina jipya, na mara hii kuna picha moja ya kitanda cha rangi ya bahari juu ya kigae chenye ufa wa herufi Y. Mkiona ufa huo, ndiye huyo.

Kitanda alichoniuzia nilikivunja. Jirani aliniomba nimpe, kwani alijua mtu ambaye angekitengenezea mikanda ya kamba, nikamkatalia kwa heshima. Nilichana wavu kwa kisu, nikakunja mabomba mawili ya miguu, na juu ya ubao wa chini nikaandika kwa wino mzito kwamba hakifai kulazwa mtoto, ndipo nikakitoa nje.