Faiba au ruta ya 5G kwa nyumba ya kupanga?

Kama faiba imefika kwenye jengo lako, chukua faiba. Ruta ya 5G inamfaa anayehamahama, au mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe: unaichomeka kwenye stima, inawaka, kazi imeisha.

Shida yake ni mahali pa kuiweka. Ghorofa za mtaa wa Pipeline, Nairobi, zimebanana, na zege humeza mawimbi ya 5G. Iweke dirishani upande wa mnara wa simu, kisha ufungue ukurasa wa mipangilio usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayoifikia ruta: -80 dBm ni nzuri, -110 ni dhaifu. Isogeze nusu mita, upime, usogeze tena. Kasi ikianguka saa mbili usiku na kupanda alfajiri, mnara umelemewa na watumiaji. Hapo kuhamisha ruta ni kujichosha.

Faiba haina habari na zege, ila uzi wake ni kioo. Ukiukunja vibaya nyuma ya kabati, mwanga hupotea. Taa nyekundu ya LOS kwenye kisanduku cha faiba ikiwaka, yaani mwanga haufiki, ita fundi; kuzima na kuwasha hakuungi uzi uliokatika.

Kabla ya kulalamika, pima kasi kwa kebo ya Cat5e, ile ya mtandao inayounganisha ruta na kompyuta. Kebo yenye nyaya nne tu badala ya nane haivuki Mbps 100, na wauzaji hawakwambii. Kebo ikitoa kasi kamili, tatizo ni WiFi: tumia GHz 5 karibu na ruta, GHz 2.4 chumba cha mbali.

Stima zikipotea, ruta ya faiba na ya 5G zote huzima. Nunua UPS ndogo (betri ya akiba) inayolingana na volti za adapta, mara nyingi 12.