Darasa la Kiingereza la waongoza watalii, Mji wa Kale, Mombasa: maoni kuhusu somo la neno "articulate"

Baada ya Magharibi, kwa muda wa saa moja na nusu, neno moja tu: "articulate", yaani mtu msemaji, anayetoa maneno yake bayana. Muda huo unatosha, na haupotei.

Mwalimu anaanzia kwenye mzizi. Kwa Kilatini "artus" ni kiungo cha mwili, na "articulus" ni kiungo kidogo, mfano wa kifundo cha kidole. Kitenzi "articulare" kilikuwa kugawa kitu viungo viungo, kisha kikawa kutamka kila sauti mahali pake. Hapo anachora ubaoni lori la kontena linalotoka bandari ya Kilindini: kichwa huku, tela kule, katikati pini. Waingereza huliita gari hilo "articulated lorry", kwa mzizi huohuo! Likikata kona Changamwe, hukunjika pale kwenye kiungo. Usemi nao hukunjika penye mapumziko, mtu akafuata. Hii ndiyo sehemu bora ya somo, na mwongoza watalii wa Fort Jesus ataikumbuka kesho yake.

Matamshi yamefundishwa vizuri pia. Silabi ni 4, mkazo kwenye ya pili: a-TI-kyu-leit, likiwa kitenzi. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi sauti hupanda kwenye "kyu" na mgeni halitambui neno. Gonga meza mara 4, gongo la pili liwe zito, useme polepole mara 10 ndipo uongeze kasi. Likiwa kivumishi, mwisho hufifia na kuwa kama "lat". Kosa jingine ni "leiti", kwa kuwa maneno yetu mengi huishia irabu: kwenye "t" ya mwisho, acha ncha ya ulimi juu ya ufizi na uzuie pumzi.

Zoezi la kusema huku umeuma kalamu liondolewe. Taya hukazika wakati linatakiwa kulegea.

Karatasi ya mwisho nayo imeandika "fasaha" kama tafsiri ya neno hilo ikaishia hapo, na hilo linasikitisha. Fasaha limetoka Kiarabu, ambako maziwa yaliyoondokewa na povu yakabaki safi huelezwa kwa mzizi huohuo. Mlatini ametazama kiungo, Mwarabu maziwa. Darasa la Mombasa lingetumia dakika 5 kuviweka viwili hivyo ubaoni pamoja. Wanafunzi wasizidi 12, la sivyo zamu ya kusema haimfikii kila mtu.