ObsIdentify mbele ya nondo mweupe wa nyasi zenye majimaji

ObsIdentify ni programu ya simu ya bure, kazi ya Observation.org na makumbusho ya Naturalis ya Leiden, Uholanzi. Unapiga picha, unaipunguza abaki mdudu tu, inatumwa kwa intaneti, unaletewa jina na asilimia ya uhakika. Vipepeo wenye rangi kali hawaisumbui. Mtihani ni Scopula immutata: nondo wa rangi ya maziwa, upana wa mabawa milimita 24 hadi 27, anayekaa kwenye nyasi zenye majimaji ambako viwavi wake hula mimea ya Filipendula ulmaria na valeriani.

Kwa huyu, asilimia 90 isikulevye. Inasema tu kwamba picha yako inafanana na zile programu ilizofundishwa nazo. Ndugu yake, Scopula floslactata, ana weupe uleule na vimistari vilevile vya mawimbi. Tazama katikati ya kila bawa: immutata kwa kawaida ana nukta nyeusi kwenye yote manne, floslactata mara nyingi hana kwenye ya mbele. Floslactata pia ni mkubwa kidogo, ni wa misituni, na Uingereza huruka Mei na Juni. Immutata huruka Juni hadi Agosti. Kwa hiyo tarehe ya Juni haiamui kitu.

Mara nyingi kinachoharibu jibu ni picha. Kamera hupima mwanga wa jani la kijani, nondo anatoka mweupe kupita kiasi pichani, mistari inafutika. Zima flashi, gusa nondo kwenye kioo cha simu, shusha mwanga hatua moja, mkinge jua kwa mwili wako. Akihangaika, mtie kwenye kichupa, kiweke kwenye friji (si friza!) dakika 15, akitoka atatulia kwa muda mfupi tu. Mlaze juu ya karatasi ya milimita (yenye miraba ya kupimia), piga kutoka juu, na unapopunguza picha usikate ncha za mabawa.

Aliyechakaa, magamba yamepukutika na nukta hazionekani, muandike Scopula tu, yaani jina la jenasi bila la spishi.

Ukihifadhi, rekodi huingia Observation.org na wahakiki, watu halisi, wanaweza kuipitia. Wawekee picha ya karatasi ya milimita na utaje mimea iliyokuwepo. Programu imelenga hasa spishi za Ulaya, hivyo aliye Arusha asiilaumu.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano ningeitoa kama ingeuliza urefu wa bawa kabla ya kutaja jina.